Asubuhi za Florian

Kwa miaka arobaini na moja Lottie Wysocki aliishi na mke mwenza, na mke mwenza huyo alikuwa treni.

Alikaa katika chumba cha chini ya nyumba, juu ya meza ya mbao iliyomeza nafasi yote, isipokuwa kijia cha kupita mtu mmoja mmoja, tena asiwe mnene. Miezi kumi na moja alifunikwa shuka. Ikifika Desemba mumewe Florian alimfunua, na tangu siku hiyo Lottie hakuwa na mume asubuhi. Saa kumi na mbili kamili, hajasema hata habari ya asubuhi, mtu keshavaa ndara zake, huyoo, chini kwa treni. Nusu saa nzima. Kahawa ikapoa mezani. Kila mwaka Lottie alimwambia neno lile lile: "Ungekuwa unaniamkia mimi kama unavyoliamkia hilo dude, ningejiona malkia." Florian alicheka tu, akainywa kahawa yake baridi bila kulalamika.

Upande ule wa mashariki wa Baltimore, kule Marekani, kwenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta na ngazi zao nyeupe za marumaru, kitu hicho huitwa bustani ya Krismasi. Mti husimama katikati, chini yake mlima, kijiji na treni ndogo ya umeme inayozunguka. Watu wengi walikuwa nazo, lakini ya akina Wysocki ilijulikana mtaa mzima kwa sababu ya vijumba. Lottie alivikata kwa makasi kutoka kwenye maboksi ya viatu, na kila kijumba kilikuwa na mlango wa mtu: mlango wa kijani wa Mildred wa ng'ambo ya barabara, mlango wa muuza mikate wenye kengele, wa padri wenye ufa. Ukihamia mtaa ule, hukujihesabu mwenyeji mpaka mlango wako uonekane kwenye meza ya Lottie.

Kazi waligawana tangu mwaka wa kwanza. Vijumba, mlima na mti vilikuwa vya mke. Chochote kinachopitisha umeme kilikuwa cha mume. Lottie hakuwahi kugusa waya, na Florian hakuwahi kushika gundi. Ndoa nyingi zimevunjika kwa kukosa mipaka iliyo wazi kama hiyo.

Mwezi Machi Florian alianguka akiwa kwenye foleni ya soseji za Pasaka, akafa kabla zamu yake haijafika.

Alibaki Theresa, binti yao wa pekee, aliyeishi nje ya mji kwenye nyumba kubwa yenye ngazi tatu tu. Hakuwa mtoto mbaya. Alimwogopea mama yake zile ngazi za kushuka chini, nyembamba na wima, na hofu ikimshika Theresa alianza kupanga mambo ya watu wengine. Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, bata mzinga na kabichi chachu vikiwa mezani, akatoa lililomjaa moyoni.

"Mama, wale wazima moto wa mtaa wa pili wanaitaka bustani, waiweke kituoni kwao watu waje kuitazama. Wataitunza vizuri. Ila meza haipiti mlangoni, itabidi waikate kwa msumeno."

"Waikate vipande vingapi?"

"Vinne."

Lottie akaweka uma chini. "Na mimi nitakatwa vipande vingapi kuingia kwenye gari lako?"

"Mama, sikutanii. Hujawahi hata kubadilisha balbu. Nani ataiendesha?"

"Mimi."

Theresa akamtazama, akaona uso ule aliouzoea tangu utoto, uso wa mtu ambaye hata umwombe vipi hashuki. Wakapatana hapo hapo. Jumapili ya kwanza ya Desemba, siku ambayo majirani huja, treni ikizunguka kwa mkono wa Lottie mwenyewe, basi bustani inabaki na neno la kuhama halitajwi tena. Isipozunguka, wazima moto watakuja Jumatatu na msumeno wao.

Basi Lottie akashuka chini. Florian hakuwa ameandika kitu, ila kila waya ulikuwa na tone la rangi, nyekundu kwa nyekundu, kijani kwa kijani, na mwanamke aliyepaka rangi milango ya mtaa mzima hawezi kushindwa na matone. Alisugua reli kwa kitambaa. Alikitia mafuta kichwa cha treni. Mara mbili alipigwa na umeme kidogo, akamtukana marehemu kwa Kipolandi, kisha akamwomba radhi. Ilimchukua siku kumi. Jumamosi saa tisa mchana alisukuma mkono wa transfoma, lile boksi jeusi lenye taa nyekundu, na treni ikaondoka. Ikapita stesheni, ikaingia handakini, ikatokea upande wa pili ikiwa nzima. Lottie alizungusha mara sita akicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu.

Ndipo akapamba mti, na mwisho wa yote akatundika nyuzi za mama yake.

Zilikuwa nyuzi za kumetameta, za metali, nyembamba kama majani ya chai ya mchaichai yaliyokauka, nzito kidogo, zisizotengenezwa tena. Mama yake alizinunua kwa mshahara wa kiwanda cha kusindika chaza, senti kwa senti. Alikufa mwaka ule ule Lottie alipoolewa, wakati wa majani kupukutika, na hizo ndizo alizoacha. Hazikurushwa mtini ovyo. Zilitundikwa mmoja mmoja, na Januari zikaondolewa mmoja mmoja, zikanyooshwa kwa kiganja na kufungwa kwenye gazeti. Hata hivyo kila mwaka fungu lilipungua kidogo. Lottie alimlaumu paka, na aliendelea kumlaumu miaka tisa baada ya paka kufa.

Usiku ule ulikuwa wa baridi kali, na tanuri la kupashia nyumba joto, lililosimama kwenye kona ya chumba kile kile, lilipuliza hadi asubuhi.

Jumapili baada ya misa majirani waliingia kwa mlango wa nyuma, wa uchochoroni, bila kubisha hodi, kama kawaida. Wakajipanga kuizunguka meza, migongo ukutani, watoto mbele. Kulikuwa na desturi: hakuna anayesema mpaka treni imalize mzunguko wa kwanza, na keki ya mbegu za popi haikatwi kabla ya hapo. Theresa alisimama karibu na ngazi, koti hajavua. Lottie alikuwa amevaa kofia ya Florian ya kuendeshea treni, nayo ilimshuka hadi kwenye nyusi.

Akasukuma mkono. Treni ikaondoka. Ikapita mlango wa kijani wa Mildred, ikapita stesheni, ikazunguka nyuma ya mti, ikatia pua handakini. Ikafa. Taa nyekundu kwenye boksi ikawaka.

Lottie akarudisha mkono, akangoja, akausukuma tena. Boksi likanguruma, likalia ta, taa ikawaka. Mara ya tatu hivyo hivyo. Kimya cha desturi kikageuka kimya cha aibu.

"Keki hii itaota mvi," Mildred akanong'ona.

"Mildred, hebu nyamaza," akasema Edmund Jarosz. Mzee Edmund alifanya kazi reli, reli ya kweli, miaka thelathini na sita, na kila mwaka aliitazama treni ya Florian kwa macho ya mkaguzi. Akapiga magoti, akaligusa boksi, akalinusa. Akatikisa kichwa. "Lina joto sana. Nadhani limeungua ndani, dada Lottie. Pole. Sasa hivi hata vipuri vyake huvipati."

"Jana lilikuwa linafanya kazi."

"Hata Florian juzi alikuwa anafanya kazi," mzee akasema kwa upole, akajuta papo hapo.

Theresa akaja akamshika mama yake bega. Hakuwa na ushindi wowote usoni, na hilo ndilo lililomuumiza Lottie zaidi. "Umejitahidi, Mama. Mimi sikudhani ungefika hata hapa."

Lottie aliitazama meza. Hakuwa akiililia treni. Alikuwa akiona msumeno ukipita katikati ya stesheni, na baada yake chumba kitupu, na baada yake nyumba ya Theresa yenye ngazi tatu ambamo hakuna mtu aliyewahi kumjua Florian asubuhi.

"Nipeni dakika tano," akasema. "Pengine ni waya."

"Mama, huko chini huingii."

"Baba yako aliingia na tumbo lake lile."

Akavua kofia, akapiga magoti, akatambaa chini ya meza, mwanamke wa miaka sitini na sita aliyevalia gauni la kanisani. Nyaya zote zilikuwa mahali pake, tone kwa tone. Alitambaa mpaka nyuma kabisa, chini ya mti, mahali ambapo siku zote hizi hakuwa na sababu ya kufika. Pale kwenye mguu wa meza kulikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia koleo la mbao la kutolea matango kwenye chupa ya siki. Lake. Alilitafuta jikoni mwaka ule Theresa alipoanza shule, akamgombeza mama mkwe kwa ajili yake. Kando yake palikuwa na kikopo cha tumbaku kilichokaa kwenye kibao kidogo.

Akakifungua. Kilijaa nyuzi za mama yake.

Zilikuwa nyingi, mamia, zimeviringishwa pete ndogo ndogo na kupangwa kwa utaratibu, za chini zimefifia, za juu bado zinameta. Baadhi zilikuwa nyeusi nchani, kama zilizochomwa kidogo na moto. Lottie alikaa chini kwenye saruji baridi, kikopo mapajani, akasikia miguu ya majirani ikihama hama.

"Mzee Edmund," akaita kutoka chini. "Ule uzi wa mtini ukianguka juu ya reli, inakuwaje?"

"Ukilala kwenye reli ya kati na ya pembeni kwa pamoja? Shoti. Treni inakufa pale pale na boksi linajizima lisiungue." Akainua macho kwenye mti. Kisha akasema taratibu, "Ah."

Huo ndio uliokuwa ukweli wa zile asubuhi. Usiku tanuri linapuliza, nyuzi zinaanguka, na kabla mke hajateremka kuziona, Florian ameshapita na koleo la matango, ameokota mmoja mmoja kati ya vijumba bila kuangusha hata uzio. Mtini hakuzirudisha, kwa sababu angeulizwa amezitoa wapi. Hakuzitupa, kwa sababu zilikuwa za mama yake Lottie. Na Lottie juu, jikoni, amenuna, anamwonea wivu mke mwenza wa chuma.

Theresa aliinama chini ya meza. "Mama? Umeumia?"

Lottie akamwonyesha kikopo. Theresa akachukua pete moja, akainyoosha kwa kidole.

"Si angekwambia tu usizitundike," akasema hatimaye. "Neno moja tu."

"Mwaka wa kwanza nilimwambia hizi ndizo nilizobakishiwa na mama," Lottie akasema. "Akaniambia, basi zitundike." Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na hakuyafuta. "Alinipenda, Theresa. Nilijua alinipenda, lakini sikujua ilikuwa kila siku."

Theresa akamvuta mama yake kutoka chini ya meza, na magoti yake mwenyewe yakajaa vumbi. Lottie akachukua koleo, akaingiza mkono nyuma ya mti hadi mdomoni mwa handaki, akapapasa. Akatoa uzi mmoja. Akapapasa tena, akatoa wa pili. Watu walitazama zile nyuzi mbili, kisha wakautazama mti wote unaometa.

Akasukuma mkono. Treni ikaondoka, ikapita milango yote, ikazama handakini, ikatokea, ikarudi stesheni. Mzunguko wa kwanza. Makofi yalipigwa mpaka vumbi likadondoka kutoka darini, na Mildred alikuwa wa kwanza kushika kisu cha keki.

Theresa alivua koti. "Nitawapigia simu wale wazima moto," akasema mdomo umejaa mbegu za popi. "Lakini hizo nyuzi, Mama, si bora uzitoe sasa? Kila siku zitakusumbua."

"Ziache," Lottie akasema. "Na hizo ngazi niwekee mkono wa kushikilia, kama unanihofia."

"Nitakuletea fundi kesho."

"Asije mapema. Asubuhi nina kazi."

Jumatatu saa kumi na mbili Lottie aliweka kahawa mezani, akavaa ndara za Florian zilizomzidi miguu, akashuka akishika ukuta. Alikuta nyuzi tatu: mbili relini, mmoja juu ya paa la kijumba cha padri. Aliziokota kwa koleo polepole, akaziviringisha pete ndogo kama alivyozikuta zile nyingine, akazitia kikoponi juu ya za mwaka jana. Ilimchukua nusu saa.

Aliporudi jikoni kahawa ilikuwa imepoa. Akainywa hivyo hivyo.