Jiwe la Ukubwa wa Yai

Jiwe lenyewe lilikuwa na ukubwa wa yai. Shimo lililochimbika kwenye uwanja wa netiboli lilikuwa na upana wa beseni, na dakika chache kabla halijatua wasichana wa darasa la sita walikuwa wamesimama palepale. Uji ndio uliowaokoa, maana walikuwa wameitwa kunywa.

Mwalimu Eunike alilibeba jiwe hilo hadi kwenye mkutano wa kijiji, huko Nduruma, akitaka jambo moja tu: machimbo ya kokoto, lilikotoka, yaache kupiga baruti watoto wakiwa shuleni.

Ndesanjo, msimamizi wa machimbo, aliligeuzageuza mkononi, akacheka. "Kijiwe hiki ndicho kichimbe shimo lile? Mwalimu, watoto wako wamechimba kwa jembe."

Hasira ilimpanda Eunike hadi masikio yakamwaka moto. Angeitwa yeye mwongo, angemeza. Lakini watoto!

"Yale mashimo ya mwezini," alisema, "yalichimbwa na mawe madogo kuliko mashimo yenyewe. Shimo linaweza kulizidi jiwe mara kumi, hata ishirini. Ni kasi, bwana. Darasa la sita wanajua."

"Haya, sasa tumefika mwezini! Mzee Lesikar, tuna ajenda hapa au hatuna?"

Mzee Lesikar, mwenyekiti, alikuna kidevu. Eunike hakumngoja. Alisogeza karai la majivu alilokuja nalo. "Liachie jiwe humu, wewe mwenyewe."

Ndesanjo aliliachia kutoka usawa wa goti. Likatua taratibu, likajilaza kwenye kishimo chake kama kuku anayeatamia.

"Si mmeona?" akasema, na watu wengine, bila haya, wakacheka naye.

Eunike akaliokota, akayasawazisha majivu, akapanda juu ya benchi. Akalirusha kwa nguvu zake zote, na kwa hasira ya kila mzazi aliyekaa pale kimya. Majivu yakaruka hadi kwenye suruali ya Ndesanjo iliyonyooshwa kwa pasi. Kwenye karai likabaki shimo pana kama sahani.

"Aa, lakini umelirusha kwa nguvu!" Ndesanjo alifoka, akijipangusa.

"Na baruti yako hulirusha kwa upole?"

Eunike alishuka kwenye benchi, bado amekasirika. Mzee Lesikar akasimama.

"Anayetaka baruti ipigwe watoto wakiwa shuleni, anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha, hata Ndesanjo.