Gati la Kaka Yako

"Usiniite shemeji! Leo umevaa fulana ya serikali, niite mwananchi."

Mkaguzi wa ziwa alishusha pumzi. Marehemu mume wa mwanamke huyu alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Gati lile la mbao na mabomba ya chuma walilijenga pamoja, vipande vilivyoungwa kwa pini.

"Shemeji, ziwa ni la umma. Gati la kuhamishika hutolewa kabla maji hayajajaa. Wenzako wote wametoa. Na kibanda cha boti, paa ruksa, kuta marufuku. Wewe umekizungushia turubai kama bafu."

"Boti inanyeshewa."

"Ina paa."

"Nimesema inanyeshewa!"

Mjane alijua anadanganya. Alifunga turubai wiki ya mazishi kwa sababu koti la mumewe lilikuwa limetundikwa mle, na hakutaka upepo ulinyang'anye harufu yake. Msibani hakutoa chozi; alipika, akaosha masufuria, akarudisha viti vya watu. Lakini gati hakuligusa. "Nikipona nitalitoa mwenyewe," mumewe alimwambia hospitalini. "Wewe utaumia." Gati likiwa bado majini, ilikuwa kama kuna kazi inamsubiri arudi.

"Kila siku napita hapa najifanya kipofu," shemeji alisema. "Unadhani mimi napenda? Maji yakipanda litang'oka, litatoboa boti ya mtu. Jina la kaka litatajwa kwa matusi. Unataka hivyo?"

Mjane alivua viatu, akapandisha gauni akalifunga kiunoni, akaingia ziwani.

"Shemeji! Huko chini alikuwa akikaa kaka."

"Najua alipokuwa akikaa. Miaka yote mimi nilikuwa hapo juu navuta pini. Leo vuta wewe."

Maji yalimfika kifuani. Akaingiza bega chini ya kipande cha mwisho.

"Haya, vuta! Au unasubiri kibali?"

Shemeji akapanda juu ya gati, akavuta, pini ikachomoka. Uzito ukamshukia begani, nyayo zikazama topeni. Kila mwaka alimuuliza mumewe kama ni kizito, na kila mwaka alijibiwa, "Chepesi tu, mke wangu."

"Mwongo wee!" alipiga kelele, na hapo kilio kikamtoka, kikubwa, huku akikikokota kipande kuelekea nchi kavu.

Shemeji alitaka kushuka amsaidie.

"Baki hapohapo," alisema, akijifuta kamasi kwa mkono uliolowa. "Vuta pini ya pili. Turubai nitafungua mwenyewe."