Kiputo cha Hewa

Mwanapili alikuwa akikaanga samaki wa kuuza pale Msambweni kichwa kilipomwanga ghafla, na ukope wa jicho la kushoto ukalegea. Madaktari walishuku mshipa wa ubongo umevimba. Mumewe, Swabir, akamfikisha hospitali kubwa ya Mombasa ili mishipa ipigwe picha.

Siku ya kipimo alilazwa chali, akili zake timamu, ganzi kinenani tu. Daktari Japheth alikwisha kumweleza: mrija mwembamba ungeingia kinenani ukapanda hadi shingoni, kisha dawa ingesukumwa humo ili mishipa ionekane. Mwanapili akawa anasoma Ayatul Kursiyyu kimoyomoyo.

Daktari akashika bomba la dawa.

"Ngoja kidogo, daktari," ikasema sauti ya kike. "Naona hewa kwenye mrija."

Alikuwa nesi Mbodze, mtu wa Kinango. Mwanapili alidhani atasikia mtu akikaripiwa. Daktari akainama, akatazama.

"Kweli ipo. Ahsante, Mbodze."

Wakaifyonza ile hewa, wakausafisha mrija kwa maji ya chumvi, wakaukagua wote wawili, ndipo wakaendelea. Uvimbe ulionekana, na kesho yake ukazibwa salama, damu isiingie humo tena.

Siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, Mwanapili aliuliza, "Daktari, ile hewa ingenifanya nini?"

"Ingeweza kuziba mshipa, Bi Mwanapili. Labda ungepooza, labda ungepoteza kauli." Daktari alivuta kiti, akaketi. "Sasa hapa hakuna anayesukuma dawa mpaka mtu wa pili aukague mrija na kutamka kwamba hauna hewa. Mbodze alilipendekeza hilo zamani. Mimi ndiye niliyechelewa kumsikiliza."

Mwanapili akaomba nesi aitwe.

"Shikamoo, mama," Mbodze alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Njoo."

Akamshika mikono miwili. Maneno aliyoyapanga tangu alfajiri yakamponyoka yote.

"Leo nimezungumza na wanangu kwa simu, mmoja mmoja," akasema, "kwa ulimi wangu huu. Mwenyezi Mungu akulipe kheri."

"Amin, mama. Nami niliogopa kusema."

"Lakini ulisema."

Wakakaa hivyo, mikono haijaachana, mpaka Swabir alipoingia na viatu vya mkewe.