Kidhibiti-Pumzi cha Awali

Mkurugenzi alikuwa amestaafu, ila cheo kilikataa kustaafu naye. Mtaani waliendelea kumwita Mkurugenzi, lakini walimwita wakiwa wamekaa, na hilo ndilo lililomchoma. Enzi zake akiingia chumbani watu walisimama. Sasa hata paka wa nyumbani kwake alimtazama kwa jicho moja akaendelea kulala. Ndipo alipolitoa bandani gari la marehemu baba yake, akaapa kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, ili Chama cha Magari ya Kale kimpe kile kibao cha shaba kilichoandikwa ASILI HALISI. Mtu akikabidhiwa kibao hicho, wanachama wote husimama.

Sharti la chama lilikuwa moja: kila kipuri cha injini kiwe cha asili, na mwenye gari aeleze kazi yake. Mkurugenzi, ambaye maisha yake yote alikariri hotuba za kuandikiwa, aliikariri injini nzima. Alikwama kwenye kitu kimoja tu. Mdomoni mwa kabureta, pale hewa inapoingilia, palibanwa kijibakuli cheusi tii kwa masizi, chenye matundu madogo madogo chini na vibonyeo viwili ukingoni. Kwenye kitabu cha gari hakikuwemo.

"Bosi, hiki mimi sikijui," alisema fundi aliyemsaidia. "Tukitoe tuone?"

"Tukitoe? Unataka kuniulia asili?"

Fundi akarudisha bisibisi mfukoni. Kubishana na mteja hakushibishi.

Akaitwa Katibu wa chama, ambaye wenzake walimpachika jina la Kamusi, kwa sababu hajapata kuulizwa swali akakosa jibu, liwe la kweli au la kutunga. Kamusi alivaa glovu nyeupe, akainama, akanusa, akaguna. Akavipapasa vile vibonyeo viwili.

"Ahaa! Alama ya mkaguzi wa kiwanda. Walikuwa wakigonga mara mbili kwenye vifaa bora. Mheshimiwa, hiki ni kidhibiti-pumzi cha awali. Nimekisoma tu, kukiona ni leo."

"Na kazi yake?"

"Kudhibiti pumzi," alisema Kamusi. Akafikiri kidogo. "Ya awali."

Machozi yalimlengalenga Mkurugenzi. Tangu astaafu hakuwa amesikia maelezo mazuri kama hayo. Yalikuwa yaleyale aliyokuwa akiwapa wengine.

Asubuhi ya sherehe alikisugua kifaa hicho kwa mikono yake hadi kikang'aa. Kilikuwa cha fedha tupu. Kamusi akasema viwanda vya zamani havikuwa na ubahili.

Viti vilipangwa uani, na cha mbele kabisa alikikalia Mama, mzazi wa Mkurugenzi, ajuza wa maneno machache yenye makali. Mama alikuwa na dada mtu aliyeishi mitaa michache tu kutoka hapo, na hawakuwa wakisemeshana tangu Mkurugenzi alipokuwa akiota meno. Chanzo hakikutajwa nyumbani. Mkurugenzi alijua ana mama mkubwa kama mtu anavyojua ana figo: yupo, ila haonekani.

Kamusi alikiweka kidhibiti-pumzi juu ya kitambaa cheupe, akakipitisha mbele ya wageni taratibu. Mama akavaa miwani.

"Lete hapa."

"Bibi, hiki ni kifaa nyeti..."

"Nyeti mwenyewe. Lete!"

Akakigeuza, akapitisha kidole ukingoni.

"Hili ni chujio langu la chai. Aliniachia marehemu mama. Limekatwa mpini."

"Mama, hiyo hapo ni alama ya mkaguzi wa kiwanda," Mkurugenzi alimnong'oneza.

"Mkaguzi gani? Hayo ni meno yako! Ulikuwa hunyamazi mpaka upewe ulitafune."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mama hakucheka.

"Nilimwita dada yangu mwizi," alisema. "Mbele za watu. Alikuja kunywa chai kwangu, alipoondoka chujio halipo. Na baba yako akanisaidia kulitafuta! Mwanamume yule aliinua hadi magodoro. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako."

Kamusi alimvuta Mkurugenzi pembeni. "Mheshimiwa, tukirudishe upesi. Mimi sijasikia kitu. Kibao hiki hapa, na watu wameshasimama."

Kweli walikuwa wamesimama wote, ili wamwone Mama vizuri. Mkurugenzi aliwatazama. Alikitamani kibao kile, tusidanganyane. Kisha akamwona mama yake akifuta miwani kwa upindo wa nguo, na miwani haikuwa na vumbi. Akafunga boneti.

"Twende kwa mama mkubwa," alisema.

"Bila kidhibiti-pumzi?" Kamusi alipiga ukelele. "Si la asili tena hilo!"

Gari liliwaka, likakohoa. Likatulia kidogo, likakohoa tena, likapiga mlio uliowarusha kunguru paani. Hapo Mkurugenzi akaelewa kilichompeleka marehemu jikoni. Njia nzima lilikohoa, watu wakichungulia madirishani na kucheka, naye akazama kwenye kiti kwa aibu. Mama alikaa wima, chujio mapajani, amelishika kama yai.

Kabla hawajabisha, mlango ulifunguliwa. Alitoka bibi kizee mwenye mikono iliyolowa.

"Nimelisikia tangu kona ile. Nikasema kikohozi hicho nakijua, ni gari la shemeji. Ndilo lenyewe, halijabadilika hata..."

Akamwona mdogo wake, akaishia hapo.

Mama alinyoosha mkono wenye chujio. Dada mtu akalipokea, akaliangalia juu na chini.

"Limekatwa mpini."

"Alilichukua mume wangu. Kulitibu gari." Mama akavuta pumzi. "Dada, nisamehe. Nimekula miaka yako na yangu."

Kisha bibi yule akajifuta mikono, akasogea kando ya mlango.

"Ingia. Ila leo chai utachuja wewe, chujio nisiliguse, nisije nikaitwa mwizi tena."

Wakaingia wameshikana, mmoja analia na mwingine anamkaripia kwa kulia. Mkurugenzi akafuata nyuma. Sebuleni palikuwa na viti viwili tu, na aliyesimama alikuwa yeye.