Majani Shingoni mwa Waziri

Jeneza la dada yangu Meleseini liliteremshwa gatini asubuhi, bahari ikiwa imevimba kutoka kusini, na halikutikisika hata kidogo. Nilisimama kando, kiunoni nimejifunga mkeka mkuukuu uliochanika, mkeka wa marehemu mama. Vijana waliuona mkeka wa msiba tu. Mimi niliiona siku nyingine niliyouvaa, miaka ishirini na sita iliyopita.

Wakati huo nilikuwa Waziri wa Ujenzi. Nilianza kwa kupakua magunia ya nazi kavu bandarini Nuku'alofa, mji wetu mkuu, nikasoma madarasa ya jioni miaka saba, kisha watu wa kisiwa changu wakanichagua kwenda bungeni mara tatu. Sikuwa mtoto wa chifu. Kila nilichokuwa nacho nilikipata kwa kusoma, na jambo hilo lilinilevya kuliko pombe.

Nilipowajengea watu wangu gati, mhandisi wetu Sitiveni Fonua aliniandikia barua: mlango wa kuingilia boti usielekee kusini, mawimbi yataingia. Niliisoma barua hiyo mbele ya wenzangu kwenye duara la kava, kinywaji chetu cha mizizi, nikiigiza sauti yake. Tulicheka. Kanisa letu liko upande wa kusini, nami nilitaka waumini wakitoka ibadani walione gati langu. Nikaamuru ujenzi uendelee.

Msimu wa kwanza wa dhoruba, mawimbi yaliingia. Boti ya Bwana Paula Moala, mvuvi wetu, ilisagwa ukutani, na mguu wake pamoja nayo.

Bunge likataka maelezo. Nikaandika hotuba nzuri sana, ya kumtwisha Sitiveni kosa lote. Yeye angefukuzwa, mimi ningebaki waziri.

Kwetu, kaka na dada wakishakua hawaketi chumba kimoja wala hawataniani, na dada ndiye mwenye heshima kubwa, hata kaka awe nani. Meleseini hakuwahi kukanyaga ofisini kwangu. Siku moja kabla ya kikao alikuja, akasimama barazani, akanipa mgongo.

"Manase."

"Naam, dada."

"Mume wangu alikuwepo kwenye kava ulipoisoma ile barua. Alirudi nyumbani akinisimulia huku anacheka. Mimi sikucheka."

Nikaifunika hotuba yangu kwa mkono.

"Kesho kuna boti ya kwenda nyumbani. Mkeka wa mama nimekuwekea hapa."

"Dada, kesho nina bunge. Na mimi ni waziri. Waziri havai mkeka na majani ya kuombea radhi mbele ya wavuvi!"

"Basi vaa kama mdogo wangu."

Akaondoka. Nikabaki nautazama ule mkeka mpaka chai yangu ikapoa.

Kesho yake niliketi chini uani kwa Paula, mkeka kiunoni, shada la majani ya mti wa ifi shingoni, kama mkosaji anavyokwenda kwa chifu wake. Nilisema yote. Barua nikaisoma tena, safari hii kwa sauti yangu mwenyewe. Nilisikia nguruwe wakichimba nyuma ya jiko. Kisha Paula akajivuta kwa magongo yake, akaninyofoa yale majani.

"Inuka, bwana. Umekaa kama mbuzi aliyefumwa kwenye viazi vya watu."

"Na wewe nawe," mkewe akadakia, "ungemwachia kwanza ayamalize majani yake!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nililia.

Nilijiuzulu wiki ile ile. Sitiveni ndiye aliyelijenga upya gati, mlango ukaelekea kaskazini. Wapo wanaonihurumia hadi leo kwa uwaziri ule. Hawajui kwamba kila ninapopita gatini Paula hunirushia samaki, na hunirushia makusudi ili anilowanishe shati.

Walipomwingiza Meleseini nyumbani, nilibaki nje, mahali pa kaka. Mke wa Paula akaniuliza kama sitaki kumwona mara ya mwisho. Nikatikisa kichwa. Nilipanda barazani, nikaupa mlango mgongo.

"Asante, dada," nikasema.