Gazania za Mama Hortense

Mjinga wa siku ile alikuwa Magloire, wala hatuna haja ya kumtafuta mwingine.

Alikuwa amekuja mtaa wa Panda kuonwa na Mama Hortense, ambaye angesema ndiyo au hapana juu ya kumwoza binti yake, Bibiane. Shati limepigwa pasi, kucha zimesuguliwa mpaka udongo wa machimbo ya Kamatanda umetoka. Wakamwekea kiti uani, mama na binti wakaingia jikoni kusonga bukari, ugali wa huko.

Mbele yake maua ya gazania yalikuwa yamelala chini kama mkeka, bado yamefumba. Jua lilipovuka paa la jirani yakaanza kufumbuka, moja huku, jingine kule, rangi ya machungwa, kama vijua vidogo vinavyoamka kwa uvivu. Magloire akasahau hata kupepesa macho. Kati ya maua hapakuwa na jani la nyasi, kokoto tupu. Na wachimbaji wa Kamatanda huamini hivi: pale nyasi zinapokataa na vimaua vikastawi, chini kuna shaba.

Akaiona kabisa. Mawe ya kijani ya shaba yakipita taratibu kama mto, chini ya ua wa nyumba, chini ya jiko, chini ya kanisa la mtaa, yakielekea mtaa wa Kikula bila haraka. Na juu yake yeye na Bibiane wamelala, mto ukiwabembeleza. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta. Lilifikaje mikononi mwake, muulizeni mwenyewe.

Alipozinduka, alikuwa ndani ya shimo hadi magotini. Shaba hakuna. Wingu likafunika jua, na maua machache yaliyosalimika yakafumba, kama yanaona haya kwa niaba yake.

“Yesu wangu, gazania yangu!” Mama Hortense alisimama mlangoni, mwiko mkononi.

“Pardon, Maman. Niliona majani hakuna, nikasema hapa iko shaba.”

“Shaba gani? Majani, miye njo nang’oa kila asubui! Kokoto, miye njo nilimwanga, sababu hii maua haipende mayi mingi!” Akamgeukia binti yake aliyemfuata nyuma. “Bibiane, huyu hapana. Muntu anakuya kuomba bibi, anachimba kiwanja ya batu! Kesho atachimba chini ya kitanda yako.”

Bibiane akalitazama shimo, kisha akamtazama Magloire, udongo hadi kwenye nyusi.

“Maman, bote benye balikuya kuniomba, balikala tu pa kiti, kungoya bukari. Huyu peke yake njo alishika jembe.”