Mikono Nyuma

Jikoni mwa wadi mwanga huingia kwa shida, ukichujwa na wavu wa dirisha, ukiangukia vumbi lililolala juu ya rafu. Huingia umechoka, na yeye, mama mkufunzi, huukuta hivyo. Miaka ishirini na miwili amefika chumba hiki kabla ya wagonjwa, akafuta meza, akapanga sufuria, akaweka mikono nyuma.

Mikono nyuma, ndiyo kazi yake. Watu waliougua akili, wakapona nusu, huletwa kwake wajifunze upya kufunga vifungo, kukata kitunguu, kuishi. Yeye hukaa kando akatazama. Asishike, asisaidie, maana ukimfanyia mtu leo, kesho atakungoja. Wagonjwa wamempa jina, Mikono Nyuma, na wakimwona koridoni hukunja mikono mgongoni kumtania. Hucheka. Zamani alicheka zaidi.

Mchana huketi nao mmoja mmoja, mlango umefungwa, akasikiliza. Husikia ya ndoa, husikia ya sauti zisizolala, husikia ya mtoto aliyezikwa mama hayupo. Jioni hufika nyumbani masikio yamejaa. Mume akimwuliza habari za kazi, humjibu nzuri. Amechoka. Amechoka miguu, amechoka maneno, amechoka hata kupumzika.

Leo ni zamu ya fundi cherehani kupika chai. Huu ni mwezi wake wa saba wadini. Alipougua aliacha jiko likiwaka, pazia likashika moto, na watoto wa dada yake wamelala chumba cha pili. Walitolewa wazima, Mungu ni mkubwa. Sasa dada mtu amesimama mlangoni, mkoba wa nguo za kaka begani, roho juu.

"Mama, mwenye kovu usidhani kapoa," anamnong'oneza Mikono Nyuma. "Akizima jiko mwenyewe, naondoka naye leo. Asipozima, nisamehe tu, nina watoto."

Fundi anawasha gesi. Anamimina maji, anatia majani. Halafu anasimama, anaitazama sufuria. Mvuke unapanda. Fundi kimya, fundi hatikisiki, na mama wa watu, aliyekwisha kuwaona wengi wakisimama hivyo hivyo wakapotea, anahisi uchovu wa miaka yote ukimshukia mabegani. Mkono wake unatoka nyuma. Unazima.

Mlangoni, dada mtu anainamisha kichwa. Anaanza kugeuka.

"Hayajachemka," fundi anasema kwa upole. "Chai isiyochemka ni maji ya kunawa. Nilikuwa nangoja."

Aibu inamchoma Mikono Nyuma usoni. Kumbe mtu alikuwa anapika! "Rudi, mwanangu," anaita. "Aliyeshindwa si yeye, ni mimi. Nimechoka, nikamwahi. Rudi utazame."

"Nimeshaona, mama."

"Umeniona mimi. Yeye hujamwona."

Mkoba bado begani, dada anarudi hatua moja. Fundi anawasha tena. Maji yanapanda. Mikono nyuma, kidole kimekaba kidole, kucha zinazama nyamani. Yanapanda, yanafika ukingoni, povu linachungulia. Mikono nyuma. Ee Mungu, mikono nyuma.

Fundi anazima. Anainama kuangalia kama moto umekufa. Anafunga na mtungi wa gesi. Anainama tena, aangalie mara ya pili.

Dada anatua mkoba sakafuni, analia bila kujificha. Fundi anatafuta vikombe, anapata vitatu, kimoja hakina mkono. Cha kwanza anampa Mikono Nyuma.

"Kaa, mama," anamwambia. "Umechoka wewe."

Anakaa. Wanakunywa wote watatu, polepole, bila haraka ya kwenda popote. Fundi amesahau sukari. Hakuna anayemkumbusha.